Mafuta ya Mtarakwa na Tatizo la Jedwali Lenye Safu Moja

Taarifa nyingi za maabara kuhusu mafuta ya kunukia ya mimea ya porini zina sura inayofanana. Hutajwa jina la mmea kwa Kilatini, hutajwa wilaya ulikochumwa, kisha hufuata jedwali lenye majina ya kemikali upande wa kushoto na asilimia upande wa kulia, na chini yake huandikwa kwamba kemikali fulani ndiyo iliyotawala. Jedwali hilo aghalabu lina safu moja tu ya tarakimu. Msomaji huondoka akiamini kwamba amejulishwa mafuta ya spishi nzima, ilhali alichoonyeshwa ni mafuta ya gunia moja la majani, lililochumwa siku moja, mahali pamoja, na mtu ambaye pengine hakuandika ni miti gani aliyoichuma. Hoja yangu ni kwamba kwa mti kama mtarakwa, ambao hapa Uganda umejitenga juu ya milima michache ya mashariki na kaskazini mashariki, safu moja haifai kuwa msingi wa sayansi wala wa biashara, na kwamba yeyote anayetaka kunufaika na mafuta hayo hana budi kuanza kwa kupima jinsi yanavyotofautiana kati ya mti na mti, na kati ya mlima na mlima.

Mtarakwa, ambao wataalamu huuita Juniperus procera, ni mmoja wa mireteni, jenasi yenye spishi kati ya 50 na 75 kwa kutegemea mtaalamu anayezihesabu. Mireteni karibu yote huishi nusu ya kaskazini ya dunia. Mtarakwa ndio pekee uliovuka Ikweta bila kupandwa na mtu, ukianzia Rasi ya Uarabuni na kupitia Eritrea, Ethiopia, Kenya, Uganda na Tanzania hadi Malawi na Zimbabwe. Kwetu huota katika miteremko mikavu ya Mlima Elgon na katika milima ya Karamoja, ikiwamo Kadam na Moroto, ambayo huinuka ghafla kutoka kwenye nyanda kame. Vilele vya Kadam na Moroto vimepita mita 3,000 kwa kiasi kidogo, na Elgon hufika mita 4,321. Kati ya mlima mmoja na mwingine kuna tambarare yenye joto ambako mti huu haumei. Wenyeji wameuthamini kwa nguzo ambazo mchwa hawazipendi, na wakati wa ukoloni mbao zake zilitafutwa sana Afrika Mashariki kwa kutengenezea penseli. Majani hayakupewa uzito huo, ingawa mtu akiyasugua kiganjani harufu yake hujitangaza papo hapo.

Kabla ya kemia kuna suala la utambulisho, na hili lisidharauliwe. Katika nyanda za juu za Uganda umepandwa kwa wingi mti wa saipresi, Cupressus lusitanica, wenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati, ambao watu hukata matawi yake kila Desemba kwa ajili ya Krismasi. Kitawi chake na kitawi cha mtarakwa uliokomaa, vikilazwa sambamba mezani, vinaweza kumhadaa hata mtu aliyezoea misitu, kwa kuwa vyote vina vijani vidogo vya magamba vilivyobana kijiti. Tofauti iko kwenye matunda. Koni ya saipresi ni ngumu na hupasuka ikikauka. Ile ya mtarakwa ni laini, ya mviringo, ya rangi ya samawati inayoelekea weusi, na ina utando mweupe unaotoka ukipanguswa kwa kidole. Lakini mitarakwa kwa kawaida hugawanyika kuwa ya kiume na ya kike, hivyo mti wa kiume hauna tunda la kuutambulisha, na mafuta ya saipresi nayo huwa na alfa-pineni na sabineni, kemikali za harufu zilizomo pia kwenye mireteni, kwa hiyo jedwali peke yake halitamshtua mkenekaji, yaani mtu anayetoa mafuta kwa mvuke, aliyechanganya magunia. Tofauti atakayoiripoti mtu huyo haitakuwa tofauti ya mtarakwa hata kidogo.

Umri nao una neno lake. Mche wa mtarakwa una sindano halisi, zenye ncha inayochoma, zilizopangwa tatu tatu kuzunguka kijiti. Mti ukikua hubadili mtindo na kuanza kutoa magamba. Anayechuma miche na anayechuma miti mikubwa hawachumi kitu kimoja, hata kama wote wawili wameandika jina lile lile la Kilatini kwenye lebo ya mfuko.

Sababu ya msingi ya tofauti hizi imo ndani ya jani. Sehemu kubwa ya mafuta ya majani ya mireteni ni terpini nyepesi, ambazo kila molekuli yake ina atomu 10 za kaboni na 16 za hidrojeni. Alfa-pineni, sabineni, mirseni, limoneni na delta-3-kareni zote zina fomula hiyo moja na uzito ule ule wa molekuli, yaani 136. Kinachozitenganisha ni namna atomu zilivyoungana. Mti huzitengeneza zote kutokana na malighafi moja, jeranili difosfati, na kimeng'enya kinachoikunja malighafi hiyo ndicho kinachoamua bidhaa gani itoke. Badiliko dogo katika jeni ya kimeng'enya linaweza kuhamisha uzalishaji kutoka pineni kwenda sabineni. Ndiyo maana miti miwili iliyosimama bega kwa bega, inayonyeshewa mvua moja na yenye mizizi katika udongo mmoja, inaweza kutoa mafuta yasiyofanana, wala jambo hilo halimaanishi kwamba mmoja ni mgonjwa au ni wa spishi nyingine.

Wanakemia huyaita makundi ya namna hii aina za kikemia. Zaatari ya kusini mwa Ufaransa inajulikana kuwa na aina sita ndani ya spishi moja, na aina hizo hazijatapakaa ovyo: zinafuata mabonde na vilima kwa namna inayohusiana na baridi ya majira ya kipupwe. Mfano ulio karibu na jikoni kwetu ni mujaaja, Ocimum gratissimum, ambao Waganda wengi hutia kwenye chai. Iko aina ya mmea huo inayotawaliwa na yujenoli, kemikali inayoipa karafuu harufu yake, na iko inayotawaliwa na timoli, ile ile ya zaatari. Mtu akiuliza mafuta ya mujaaja yana nini, jibu la kweli ni kumuuliza kwanza ni mujaaja wa wapi.

Mireteni yenyewe imechangia sana kuwafundisha wanabotania umuhimu wa kupima miti mingi. Tangu miaka ya 1950 iliaminika kwamba huko Marekani mireteni miwili, Juniperus virginiana na Juniperus ashei, huchanganyika katika jimbo la Texas, na kwamba jeni za mmoja zimepenya ndani ya mwingine kwa umbali mkubwa. Hoja hiyo ilijengwa juu ya maumbo ya miti na majani. Mwaka 1969 Robert Flake, Ernst von Rudloff na Billie Turner walichapisha matokeo ya kupima terpini za Juniperus virginiana katika mstari wa maili takriban 1,500, kutoka kaskazini mashariki mwa Texas hadi Washington D.C. Walichokuta ni mabadiliko ya taratibu kutoka upande mmoja wa mstari hadi mwingine, bila ushahidi wa uchotara uliodhaniwa. Nadharia iliyokuwa imekubalika kwa miaka mingi iliporomoka kwa sababu ya majedwali marefu yenye safu nyingi. Gunia moja kutoka Texas lisingeonyesha lolote, kwa kuwa mteremko wa tofauti hauonekani ukisimama mahali pamoja.

Robert P. Adams wa Chuo Kikuu cha Baylor aliendeleza kazi hiyo kwa miongo kadhaa, kwanza kwa terpini na baadaye kwa DNA, akipita mireteni ya mabara yote inakoota. Mtarakwa wetu ulinufaika na kazi hiyo. Kwa muda mrefu baadhi ya wataalamu waliuhesabu kuwa sehemu ya Juniperus excelsa, mreteni wa mashariki ya Mediterania na Asia ya Magharibi. Ushahidi wa mafuta ya majani, na baadaye wa DNA, uliunga mkono kuutenga kuwa spishi yake. Matokeo ya vitendo ni kwamba maandishi kuhusu excelsa hayawezi kunakiliwa yakabandikwa kwenye chupa ya procera. Vivyo hivyo kwa Juniperus communis, mreteni wa Ulaya ambao matunda yake huipa pombe ya jini harufu: sifa zake zinasambazwa kila siku kana kwamba ni sifa za mireteni yote, na mjasiriamali wa Kampala anayenakili maelezo hayo anauza tunda la Ulaya kwa kutumia jani la Karamoja.

Tuseme sasa kwamba mti umetambuliwa sawasawa. Bado kuna tofauti zinazotokana na sehemu iliyochumwa na wakati wa kuchuma. Mafuta ya mbao za mtarakwa yana terpini nzito zenye kaboni 15, ikiwamo sedroli, wakati mafuta ya majani huelemea upande wa terpini nyepesi. Hayo ni mafuta mawili, na kuyaita kwa jina moja sokoni ni kumpotosha mnunuzi. Watafiti wa Lithuania, waliochuma Juniperus communis wa porini karibu na Vilnius, waliona haja ya kulinganisha hata sindano za matawi yenye matunda na sindano za matawi yasiyo na matunda, jambo ambalo wengi wetu tungelipuuza kwa kuona kwamba sindano ni sindano. Na katika Juniperus scopulorum wa magharibi mwa Amerika Kaskazini, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1973 ulionyesha kwamba mafuta hubadilika zaidi majira ya kiangazi, mti unapochipua, kuliko majira ya baridi, na tangu hapo wachumaji makini wa huko hupendelea kuchuma wakati wa baridi.

Uganda haina baridi ya aina hiyo, kwa hiyo kanuni ya kuchuma Januari haiwezi kuhamishwa ilivyo. Karamoja ina msimu mmoja wa mvua unaofuatwa na kiangazi kirefu, wakati miteremko ya Elgon hupata mvua kwa sehemu kubwa zaidi ya mwaka. Mtu akichuma Moroto mwezi Februari na Elgon mwezi Mei, kisha akatangaza kwamba milima hiyo miwili inatofautiana kwa kemia, kwa kweli amelinganisha jani lililokomaa katika ukame na chipukizi la masika. Inawezekana milima inatofautiana kweli. Kwa data hiyo, hata hivyo, hana haki ya kusema hivyo.

Kuna pia tofauti zinazotengenezwa na sisi wenyewe, na kwa maoni yangu hizi ndizo zinazosahauliwa kuliko zote. Katika maabara ndogo majani hutiwa ndani ya chupa ya kioo pamoja na maji, chupa hupashwa moto, mvuke hupanda na kupozwa, na ndani ya bomba jembamba lenye alama za mililita tabaka la mafuta hujikusanya juu ya maji. Mwanzoni tabaka hilo hukua haraka, kwa kuwa terpini nyepesi ndizo zinazotangulia. Kisha kasi hupungua, mpaka mtu aliyekaa akilitazama huanza kujiuliza kama kuna kinachoendelea. Kinachoendelea ni kwamba terpini nzito zinafika polepole. Anayezima moto baada ya kukeneka kwa muda wa saa 2 atapata mafuta yenye pineni nyingi, na anayeacha kazi iendelee usiku kucha atapata mafuta yenye sehemu kubwa zaidi ya vitu vizito, ingawa majani yametoka kwenye tawi lile lile. Wakichapisha bila kutaja muda, msomaji atadhani ameona aina mbili za kikemia.

Sabineni ni mfano mzuri zaidi, kwa sababu yenyewe hubadilika ndani ya chupa. Maji yanayochemka pamoja na majani huwa na uasidi, na uasidi huo pamoja na joto huifungua sabineni na kuigeuza kuwa, miongoni mwa vitu vingine, terpineni-4-oli. Kadiri kazi inavyochukua muda mrefu, ndivyo sabineni inavyopungua na terpineni-4-oli inavyoongezeka. Taarifa inayosema kwamba mtarakwa fulani una terpineni-4-oli nyingi inaweza kuwa inaeleza tabia ya mti, au inaweza kuwa inaeleza tabia ya jiko. Nimeona watu wakibishana kuhusu udongo na mwinuko mahali ambapo swali la kwanza lilipaswa kuwa ni la sufuria.

Kukausha majani nako kuna athari. Alfa-pineni huchemka kwenye nyuzi 156 za Selsiasi, lakini haingoji kuchemka ndipo iondoke. Majani yaliyoanikwa juani kwa siku kadhaa yanaipoteza taratibu, na pua ya anayepita karibu na turubai ni shahidi. Hapa ndipo asilimia zinapodanganya bila mtu yeyote kusema uongo. Jumla ya asilimia lazima iwe 100, hivyo kemikali moja ikiondoka nyingine zote huonekana kupanda. Chukua mafuta ambayo kila sehemu 100 zina sehemu 80 za pineni na 10 za terpini nzito fulani. Nusu ya pineni ikipeperuka zinabaki sehemu 60, na ile terpini nzito, ambayo haikuongezeka hata tone, inaandikwa kuwa karibu asilimia 17. Suluhisho linajulikana: kupima kiasi halisi kwa kila gramu ya jani kavu, kando ya asilimia. Ni safu moja ya ziada katika jedwali, na inashangaza ni mara ngapi haipo.

Wastani una mtego wake pia. Tuseme miti mitatu ina sabineni asilimia 2, 3 na 40. Wastani ni 15, na hakuna mti hata mmoja wenye asilimia 15 wala ulio karibu nayo. Anayechanganya majani ya miti hiyo ndani ya gunia moja kabla ya kukeneka amefanya hesabu hiyo hiyo bila kujua, na amefuta ushahidi kwamba kulikuwa na aina mbili. Gunia la mchanganyiko linafaa kwa mtu anayetaka kujua lori zima la majani litatoa mafuta gani. Kwa anayetaka kuujua mti, halifai.

Mtu anaweza kujibu kwamba mashine za siku hizi hazikosei. Hilo si kweli kwa terpini. Kwa kuwa nyingi zina uzito mmoja wa 136 na huvunjika kwa namna zinazokaribiana, spektromita ya tungamo, mashine inayovunja molekuli na kupima uzito wa vipande, ikitegemea maktaba ya kompyuta inaweza kupendekeza jina lisilo sahihi kwa ujasiri mkubwa. Ni lazima jina hilo lithibitishwe kwa muda ambao kemikali imetumia kupita ndani ya kromatografia ya gesi, mashine inayotenganisha kemikali kwa kuzipitisha ndani ya mrija mrefu, ukilinganishwa na vipimo vya haidrokaboni zinazojulikana. Tena safu ya kawaida ya kromatografia, yaani mrija huo, haitofautishi alfa-pineni ya mkono wa kulia na ya mkono wa kushoto, ambazo ni taswira za kioo, ingawa baadhi ya vimeng'enya vya mti hutoa moja zaidi ya nyingine. Miti miwili yenye asilimia 40 ya pineni kila mmoja inaweza kuwa haina pineni inayofanana.

Kwenye biashara, watu wengi hudhani mnunuzi wa nje anataka tarakimu moja isiyobadilika, na kwamba kukiri tofauti ni kujiharibia soko. Vitabu vya viwango vinasema vingine. Famakopia ya Ulaya, kitabu rasmi cha viwango vya dawa, inapoeleza mafuta ya mreteni, hutoa nafasi: alfa-pineni kati ya asilimia 20 na 50, mirseni kati ya 1 na 35. Huo ni upana mkubwa mno, na uliwekwa kwa sababu maumbile yenyewe ndivyo yalivyo. Ikumbukwe pia kwamba kiwango hicho ni cha matunda ya Juniperus communis. Hakihusu sindano, na hakihusu mtarakwa. Anayetaka mafuta ya majani ya Elgon yapimwe kwa kipimo hicho anajitafutia kushindwa mtihani ambao hakuandikishwa kuufanya.

Uganda ina somo lake kuhusu thamani ya tofauti. Mshea wa kaskazini mwa nchi, Vitellaria paradoxa wa nususpishi nilotica, hutoa mafuta yenye asidi ya oleiki nyingi zaidi kuliko mshea wa Afrika Magharibi, na ndiyo maana mafuta ya Lango na Acholi ni laini zaidi kwenye joto la kawaida. Mti ni spishi ile ile. Wanunuzi wa vipodozi wameutambua ulaini huo na wakautafuta kwa jina la mahali pake, jambo ambalo lisingewezekana kama mafuta yote ya shea yangeelezwa kwa wastani mmoja wa bara zima. Sioni kwa nini mtarakwa usipimwe kwa mtazamo huo huo, ili ikigundulika kwamba mlima mmoja una aina yake, mlima huo utajwe.

Suala la usalama lina uzito wake pia. Ndani ya jenasi hii hii yumo Juniperus sabina, ambaye mafuta yake yana sabinili asetati na yanajulikana tangu kale kuwa ya hatari kwa wajawazito. Neno mreteni kwenye lebo, bila jina la spishi na bila uchambuzi wa chupa iliyopo mkononi, halimhakikishii mtu chochote. Delta-3-kareni nayo, ikikaa wazi hewani, huungana na oksijeni na kutoa vitu vinavyosababisha mzio wa ngozi. Mafundi rangi wa zamani waliotumia tapentaini yenye kareni walilijua jambo hili kwenye mikono yao kabla wanakemia hawajalieleza. Mtengenezaji wa sabuni au mafuta ya kujipaka anayenunua mafuta ya porini anahitaji kujua kama kundi hili la chupa lina kareni kidogo au nyingi. Wastani uliochapishwa mahali fulani, wakati fulani, hautamsaidia mteja mwenye vipele.

Ninachopendekeza si kigumu kukieleza. Kwa kila mlima ichaguliwe miti isiyopungua 10, ya kiume na ya kike, kila mmoja ukiwekewa kibao cha namba na kuandikiwa mwinuko na tarehe. Kitawi cha kila mti kihifadhiwe kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ya Chuo Kikuu cha Makerere, ili mashaka kuhusu saipresi yamalizwe kwa kutazama na si kwa kukumbuka. Na miti ile ile irudiwe katika kiangazi na katika mvua. Kisha, ili kutenga mchango wa jeni na mchango wa mazingira, mbegu za Elgon, Kadam na Moroto zioteshwe pamoja katika shamba moja. Taasisi ya utafiti wa misitu iko Kifu, Mukono, lakini Kifu ni chini na kuna unyevu mwingi, si mahali pa mti huu. Vituo vya utafiti wa kilimo vya Buginyanya kwenye Elgon na Kachwekano karibu na Kabale viko nyanda za juu, na vingefaa zaidi. Miche ikikua pamoja na bado ikatoa mafuta yasiyofanana, tutakuwa tumeshika jeni. Ikifanana, basi ilikuwa mvua na udongo.

Sheria nayo inahusika hapa kwa njia ambayo haizungumzwi vya kutosha. Uganda ilitunga kanuni za upatikanaji wa rasilimali za kijenetiki na mgawanyo wa manufaa mwaka 2005, miaka mitano kabla ya Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, makubaliano ya kimataifa kuhusu jambo hilo hilo. Vibali hupitia Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Lakini mkataba unaotaja tu majani ya Juniperus procera unachukulia spishi nzima kuwa kitu kimoja, na thamani ikija kugundulika katika aina ya kikemia inayopatikana Kadam peke yake, jamii ya Kadam itakuwa haina mahali pa kushikia, maana mkataba hauitambui. Elgon tena ina mpaka juu yake: msitu ule ule unaendelea upande wa Kenya, na asiyekuwa na data ya miti yake hatakuwa na hoja ya kutetea asili ya mafuta yake. Kwa sababu hiyo naona kwamba kibali cha kuchuma kingefaa kutaja kundi la miti kwa mlima na mteremko, na matokeo ya kila mti yarudishwe nchini yakiwa kamili, bila kufupishwa kuwa wastani.

Pingamizi lenye nguvu ni gharama. Kukeneka kilo za majani kwa kila mti, mara mbili kwa mwaka, katika milima mitatu, ni kazi ambayo idara yenye jiko moja haiwezi kuimaliza, na mashine ya kromatografia huomba gesi, safu mpya na fundi. Hata hivyo si kila kipimo kinahitaji kukeneka. Gramu chache za majani mabichi, zikilowekwa ndani ya kiyeyusho kama heksani kwenye kichupa chenye kifuniko, hutoa terpini za kutosha kwa kromatografia, na kazi ya siku moja inaweza kukamilisha miti mingi bila kutumia moto wala uasidi unaoigeuza sabineni. Kukeneka kwa kiwango kikubwa kubaki kwa ile miti michache ambayo vichupa vimeonyesha kwamba inastahili. Njia hii inaokoa fedha, na pia inaokoa matawi ya mti unaokua polepole.

Majibu ya shamba la miche yatachukua miaka, kwa kuwa ni lazima sindano zipite na magamba yaje ndipo ulinganisho na miti mikubwa uwe wa haki. Katika muda huo vitalu vinavyootesha mtarakwa kwa ajili ya kurudisha msitu visichanganye mbegu za Elgon na za Karamoja kwenye tuta moja, na kila mfuko wa mbegu ubaki na jina la mlima wake, kwa sababu mbegu zikishachanganywa na miche ikapandwa mlimani, hakuna maabara nchini itakayoweza kuitenganisha kwa bei ambayo mtu atakubali kuilipa.